Kuvuka daraja la kuning'inia kwa miguu na kwa baiskeli

Daraja la kuning'inia ni daraja ambalo sakafu yake imebebwa na kebo za chuma zilizopitishwa juu ya minara mirefu na kufungwa ardhini pande zote mbili. Madaraja makubwa ya aina hii hujengwa hasa kwenye milango ya mito, hori na mikono ya bahari, mahali ambapo maji ni mapana na meli zinahitaji nafasi ya kupita chini. Baadhi yake yana njia za pembeni ambako mtu anaweza kuvuka kwa miguu au kwa baiskeli. Mengine hayana, na mtu asiye na gari hulazimika kupanda kivuko au basi, au kuzunguka mbali.

Kama njia hiyo itakuwepo au la huamuliwa daraja likiwa bado kwenye michoro. Njia ya waenda kwa miguu huongeza upana, uzito na gharama, na ni vigumu kuiongeza baada ya kebo kukazwa. Katika Afrika ya Mashariki jambo hili linagusa watu wengi, kwa sababu kwenye vivuko vikubwa vya pwani wanaovuka kwa miguu ni wengi kuliko wanaovuka ndani ya magari.

Muundo wake

Namna rahisi ya kuelewa daraja hili ni kutazama kamba ya kuanikia nguo iliyofungwa kwenye miti miwili. Nguo zikianikwa, kamba hujipinda katikati na miti huvutwa kwa ndani. Ili miti isilale, mwenye nyumba hufunga kamba nyingine nyuma ya kila mti na kuishikiza kwenye kigingi. Katika daraja la kuning'inia miti ni minara, kamba ni kebo kuu, vigingi ni nanga nzito za zege au mwamba, na nguo ni sakafu ya daraja, ambayo inashikwa na nyaya za wima zinazoshuka kutoka kwenye kebo kuu. Kila mtu aliyewahi kuanika mablanketi mabichi anajua pia kwamba kamba iliyokazwa sana hukatika upesi kuliko iliyolegea kidogo: kwa mzigo uleule, kadiri kamba inavyonyooka ndivyo mvuto ndani yake unavyozidi. Ndiyo sababu minara huwa mirefu. Urefu wake huipa kebo nafasi ya kujipinda.

Kuna aina nyingine inayofanana nayo ambayo mara nyingi huchanganywa nayo. Katika hiyo hakuna kebo kuu. Nyaya nyingi hutoka kwenye mnara moja kwa moja hadi kwenye sakafu kwa mshazari, kama kamba zinazoshikilia mlingoti wa jahazi. Daraja la Kigamboni jijini Dar es Salaam ni la aina hii ya pili. Kwa mtembeaji tofauti ni ndogo, ila daraja la nyaya za mshazari kwa kawaida ni gumu zaidi na hutikisika kidogo, na hufaa kwa umbali mfupi kuliko la kuning'inia.

Mlango wa mto una mambo matatu yanayowasukuma wahandisi kuchagua kebo. Chini kuna matope na mchanga laini uliowekwa na mto kwa maelfu ya miaka, hivyo kila nguzo inayosimamishwa majini ni ghali. Maji hujaa na kupwa kila siku, na mkondo huchimba mchanga unaozunguka nguzo. Tena milango ya mito mara nyingi ndiyo bandari, na meli haziwezi kupita kwenye msitu wa nguzo. Kwa kebo, nguzo zinaweza kubaki mbili tu, na sakafu ikainuliwa juu sana.

Hapo juu ndipo tatizo la mtu wa miguu linapoanza. Sakafu ikiwa mita 60 juu ya maji, na barabara ya kupandia ikiwa na mwinuko wa mita 4 kwa kila mita 100, mtu anapaswa kutembea kilomita 1.5 akipanda kabla hajaona maji chini yake, kisha umbali kama huo akishuka upande wa pili. Kwa lori hilo si kitu. Kwa mama mwenye ndoo ya samaki kichwani, daraja linaweza kuwa refu mara tatu kuliko maji linayoyavuka.

Uzito wa umati

Watu wengi hudhani kwamba daraja linalobeba malori haliwezi kuhangaishwa na watu. Hesabu inasema vingine. Magari huacha nafasi kati yake, lakini umati uliosongamana haubakizi nafasi, na kila mita ya mraba inaweza kubeba uzito wa watu wanne, watano au zaidi. Tarehe 24 Mei 1987 daraja la Golden Gate mjini San Francisco, Marekani, liliadhimisha miaka 50 kwa kufungwa kwa magari na kuachiwa watu. Takriban watu 300,000 waliingia, wakakwama katikati kwa kukosa pa kwenda, na sakafu ambayo kwa kawaida imepinda juu kidogo ikaonekana imenyooka. Daraja halikuvunjika, kwa kuwa nguvu zake zilikuwa na akiba ya kutosha, ila wasimamizi hawakurudia sherehe ya namna ile.

Hofu yenyewe imewahi kuua hata pale daraja lilipokuwa imara. Daraja la Brooklyn mjini New York lilifunguliwa tarehe 24 Mei 1883, likiwa na njia ya miguu iliyoinuliwa katikati, juu ya barabara. Siku sita baadaye, katika msongamano kwenye ngazi za njia hiyo, watu walianza kusukumana na 12 wakafa kwa kukanyagwa.

Hatari nyingine ni hatua zenyewe. Mwaka 1831 kikosi cha askari kilikuwa kikipita kwa mwendo wa gwaride kwenye daraja dogo la kuning'inia la Broughton, karibu na Manchester, Uingereza. Daraja likaanza kucheza kwa mdundo wao, boliti ikakatika, na askari kadhaa wakatumbukia mtoni. Hakuna aliyekufa, lakini tangu hapo askari wa Uingereza wakaamriwa kuvunja hatua wanapofika darajani. Amri kama hiyo haikuwasaidia askari wa Ufaransa mjini Angers tarehe 16 Aprili 1850. Walikuwa wamevunja hatua, lakini upepo wa dhoruba ulikuwa ukiyumbisha daraja, na kila mmoja, kwa kujaribu tu asianguke, akajikuta anaegemea upande ule ule kwa wakati ule ule na wenzake. Kebo, ambazo zilikuwa zimeliwa na kutu mahali zilipofungwa ardhini, zikakatika. Zaidi ya watu 200 walikufa.

Miaka 150 baadaye jambo lile lile lilitokea bila askari na bila dhoruba. Daraja la Millennium la London, ambalo ni la waenda kwa miguu tu, lilifunguliwa tarehe 10 Juni 2000 na kufungwa baada ya siku mbili kwa sababu liliyumba kushoto na kulia kwa sentimita kadhaa. Mtu anayetembea hupiga karibu hatua mbili kwa sekunde, na kwa kuwa mguu mmoja husukuma kushoto na mwingine kulia, msukumo wa pembeni hujirudia karibu mara moja kwa sekunde. Sakafu ikiwa na kawaida ya kuyumba kwa kasi hiyo hiyo, mtikisiko mdogo huwafanya watu wapanue miguu na kufuata mdundo wa daraja. Wakiufuata, wanaliongezea nguvu. Chini ya idadi fulani ya watu hakuna kinachoonekana. Ikipita idadi hiyo, mtikisiko hukua ghafla. Wahandisi walifunga vifaa vya kumeza mtikisiko chini ya sakafu, vinavyofanya kazi kama shokomzoba za gari, na daraja likafunguliwa tena mwaka 2002.

Upepo peke yake nao unatosha. Daraja la Tacoma Narrows, Marekani, lilifunguliwa Julai 1940 na kuanguka tarehe 7 Novemba mwaka huo huo kwa upepo ambao haukuwa mkali sana. Sakafu yake ilikuwa nyembamba, nyepesi na yenye pande bapa zilizokinga upepo. Tangu hapo sakafu za madaraja makubwa hupimwa kwanza kwa mifano midogo mbele ya mashine za upepo.

Njiani

Mfano mzuri wa kuvuka mlango wa mto kwa nguvu za mwili ni daraja la Humber, mashariki mwa Uingereza, lililofunguliwa kwa magari mwaka 1981. Umbali kati ya minara yake ni mita 1,410, na hadi mwaka 1998 hakukuwa na daraja la kuning'inia lenye umbali mkubwa zaidi duniani. Urefu wote ni mita 2,220. Kwa mwendo wa kawaida wa miguu ni karibu nusu saa, na kwa baiskeli kama dakika kumi, kama upepo haukukatazi. Minara yake ina mita 155.5, na kwa kuwa kila mmoja umesimama wima juu ya dunia iliyo mviringo, vilele vyake vimeachana milimita 36 zaidi kuliko nyayo zake. Mtembeaji hawezi kuliona hilo, lakini ni habari inayompa kitu cha kufikiria njiani.

Njia za miguu na baiskeli za Humber ziko pande zote mbili, zikiwa chini kidogo ya usawa wa barabara ya magari. Kushusha njia namna hiyo kuna faida kubwa: mtu haoni magurudumu ya malori yakimpita kwenye kiwiko, na gari likipoteza mwelekeo halimfikii kwa urahisi. Kelele hata hivyo hazikwepeki. Sakafu ya chuma hutetema kila lori linapopita, na anayesimama katikati huhisi daraja likipanda na kushuka polepole chini ya nyayo. Mtikisiko huo ni wa kawaida. Daraja la kuning'inia limeundwa lijongee, na lile ambalo lingekataa kabisa kujongea ndilo lingepasuka.

Kwa mwendesha baiskeli adui mkubwa ni upepo wa pembeni. Mlango wa mto ni uwazi usio na miti wala vilima, na juu ya daraja hakuna kinga isipokuwa mnara. Mtu anapopita nyuma ya mnara upepo hukatika kwa sekunde chache, kisha humpiga tena upande mmoja anapotokeza. Wasiojua hapo ndipo huangukia. Hatari ya pili ni viungo vya kutanukia. Chuma hutanuka kwa joto: kipande cha kilomita 1 kikipata ongezeko la nyuzi 30 hurefuka kwa sentimita 36 hivi. Nafasi ya kurefuka huachwa kwenye mwisho wa sakafu na kufunikwa kwa vyuma vyenye meno au mabati. Vyuma hivyo vikilowa huteleza, na tairi jembamba likiingia kwa mshazari linaweza kunaswa, hivyo hupitwa kwa kunyoosha usukani bila kukata kona.

Kugawana njia moja kati ya wenye baiskeli na wenye miguu huleta ugomvi kila mahali. Katika Golden Gate hutenganishwa kwa pande na kwa saa. Katika Brooklyn waligombania njia ya mbao kwa miongo mingi hadi mwaka 2021, ambapo baiskeli zilipewa kipande cha barabara kilichochukuliwa kutoka kwa magari.

Njia za miguu zina upande wa huzuni pia, na wasimamizi wa madaraja hawawezi kuunyamazia. Madaraja marefu yamewahi kutumiwa na watu waliokata tamaa ya maisha. Njia za Humber zilifungwa kwa muda mwaka 2021 kwa sababu hiyo, kisha zikafunguliwa tena kwa masharti. Golden Gate ilikamilisha wavu wa chuma wa kuokoa watu mwaka 2024. Uzoefu umeonyesha kwamba uzio na wavu huokoa maisha bila kuwanyima wengine njia.

Madaraja yanayowakataa wenye miguu

Daraja la Akashi Kaikyō nchini Japani, lenye mita 1,991 kati ya minara, halina njia ya kuvukia kwa miguu wala kwa baiskeli. Daraja la kwanza la Bosporus mjini Istanbul, lililofunguliwa mwaka 1973, liliruhusu waenda kwa miguu kwa miaka michache tu, kisha likawafungia. Tangu mwaka 1979 mbio za marathoni za mji huo huwapa watu nafasi ya kulivuka kwa miguu mara moja kwa mwaka, kutoka Asia hadi Ulaya.

Barani Afrika madaraja makubwa ya kuning'inia ni machache. La Otto Beit juu ya mto Zambezi huko Chirundu lilimalizwa mwaka 1939. La Tete, pia juu ya Zambezi, nchini Msumbiji, ni la miaka ya 1970 na hupitwa na watu wa miguu na baiskeli kila siku. La Matadi, karibu na mlango wa mto Kongo, lilifunguliwa mwaka 1983 likiwa na mita 520 kati ya minara, na lilishikilia rekodi ya Afrika kwa miaka 35. Liliundwa ili siku moja lipitishe pia reli, ambayo haikufika.

Rekodi hiyo ilichukuliwa na daraja la Maputo–Katembe, lililofunguliwa tarehe 10 Novemba 2018 juu ya mlango wa maji unaotenganisha mji mkuu wa Msumbiji na Katembe. Lina mita 680 kati ya minara na sakafu yake iko kama mita 60 juu ya maji ili meli ziingie bandarini. Kwa mwenye gari limeondoa safari ndefu ya kuzungukia Boane. Lakini halikuwekewa njia ya waenda kwa miguu, na watu wa Katembe wasio na gari wameendelea kutegemea boti na mabasi. Hapa ndipo uamuzi wa kwenye michoro unapoonekana wazi: daraja kubwa kuliko yote ya aina yake barani, katika mji ambao wakazi wengi hawana gari, huwezi kulivuka kwa miguu yako.

Tanzania na Kenya

Daraja la Kigamboni, ambalo jina lake rasmi ni Daraja la Nyerere, linavuka mkono wa bahari wa Kurasini. Lina urefu wa mita 680, njia sita za magari, na njia ya waenda kwa miguu yenye upana wa mita 2.5 kila upande. Lilijengwa kwa fedha za Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) na serikali, na kufunguliwa na Rais John Magufuli tarehe 19 Aprili 2016. Wakazi wa Kigamboni hawakukosa kukumbuka kwamba Januari 2012, akiwa Waziri wa Ujenzi, ndiye aliyewajibu waliolalamikia nauli ya pantoni kupanda kutoka shilingi 100 hadi 200 kwamba asiyetaka kulipa apige mbizi. Neno mbizi lilibaki midomoni mwa watu kwa miaka.

Kulivuka kwa miguu huchukua chini ya dakika kumi. Sakafu yake si ya juu sana, kwa kuwa meli kubwa huishia bandarini kabla ya kufika hapo, na kwa hiyo mpando hauchoshi. Hata hivyo daraja halikuua pantoni ya Magogoni. Pantoni huvuka pale mlango wa bandari ulipo mwembamba na humshusha mtu karibu na Posta na soko la samaki la Feri, wakati daraja liko ndani zaidi, upande wa Kurasini. Mwenye gari hazioni kilomita hizo za ziada. Mwenye miguu anazihesabu, na wengi bado husimama foleni ya pantoni. Mwendesha baiskeli ndiye aliyenufaika zaidi na daraja hili, kwa kuwa anaweza kuimudu barabara ya kuzunguka na hasubiri chombo. Kuhusu tozo za vyombo vya moto zilizoanza mwaka 2016, malalamiko yalikuwa mengi, na serikali ilizipunguza mwaka 2022.

Mombasa haina daraja kwenye kivuko cha Likoni, ingawa kinatajwa kuvusha watu wapatao 300,000 kwa siku, wengi wao kwa miguu na bila nauli. Meli zinazoingia bandari ya Kilindini hupita papo hapo, hivyo daraja lolote la kudumu lingepaswa kuwa juu sana, pamoja na mipando mirefu iliyoelezwa hapo juu. Mwaka 2021, wakati wa janga la UVIKO-19, serikali ya Kenya ilifungua daraja la kuelea la waenda kwa miguu kati ya Liwatoni na Ras Bofu ili kupunguza msongamano kwenye feri. Lilikaa usawa wa maji, bila mpando wowote wa maana, na sehemu yake ya katikati iliweza kufunguliwa ili meli zipite. Kwa mtu wa miguu huo ulikuwa muundo rafiki kuliko daraja refu la angani. Tatizo ni kwamba meli ikija, mtu husubiri. Umuhimu wa kuvuka salama hauhitaji maelezo kwa watu wa Mombasa: tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka na watu 272 wakafa.

Upande wa Ziwa Viktoria, daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa kilomita 3 lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025 juu ya Ghuba ya Mwanza. Kwa mtu wa miguu hiyo ni safari ya zaidi ya nusu saa juu ya maji bila kivuli.

Mto Ruvuma, kutoka Liparamba hadi baharini

Mto Ruvuma hauna daraja kubwa la kuning'inia popote katika urefu wake wa karibu kilomita 800, ingawa una kila aina ya mahali panapohitaji kuvukwa. Huanzia milima ya Matogoro karibu na Songea, hushuka kuelekea kusini kupitia maeneo ya Mitomoni na Liparamba, kisha hugeukia mashariki na kuwa mpaka kati ya Tanzania na Msumbiji hadi Bahari ya Hindi.

Liparamba ni kata ya Wilaya ya Nyasa, ambayo ilimegwa kutoka Wilaya ya Mbinga mwaka 2012, na jina hilo ni pia la pori la akiba lililo mpakani. Hapa mto bado ni mwembamba, lakini una mamba na viboko, na wakati wa masika hupanda haraka kwa maji yanayotoka milimani. Kiangazi kuna mahali mtu huvuka kwa miguu majini, baiskeli ikiwa begani. Masika hubaki mtumbwi. Mtu wa Nyasa mwenye jamaa au shamba upande wa Songea hupanga safari kwa kutazama mawingu.

Kwa mto wa namna hii daraja la kuning'inia linalofaa ni dogo, lile ambalo watu huliita daraja la kamba: nyaya mbili au zaidi za chuma, mbao za kukanyagia, na wavu wa pembeni, vikifungwa kwenye zege kando ya mto, juu ya alama ya mafuriko. Kanuni zake ni zile zile za Humber. Halina nguzo majini ya kubomolewa na magogo, na vifaa vyake vingi vinaweza kubebwa hadi mahali ambapo lori halifiki. Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, kaskazini mwa Malawi, wakazi wa karibu na Rumphi walijenga madaraja kama hayo kwa mianzi na mitambaazi juu ya mto Rukuru Kusini, wakiyakarabati kila yanapochakaa. Rwanda na Uganda zimejenga mengi ya nyaya za chuma kwa ushirikiano na shirika la Bridges to Prosperity. Uchunguzi uliofanywa vijijini Nikaragua na kuchapishwa mwaka 2020 ulionyesha faida yake kwa hesabu: baada ya daraja la miguu kujengwa, mafuriko hayakukata tena vipato vya watu, ujira ulipanda, na wakulima walinunua mbolea zaidi, kwa kuwa walikuwa na hakika ya kufika kwenye kibarua na sokoni.

Udhaifu wa madaraja haya ni matunzo. Mbao huoza kwa misimu michache. Kutu huanza pale waya unapoingia kwenye zege, mahali pasipoonekana, kama ilivyokuwa Angers. Daraja la namna hii linahitaji mtu wa kijijini aliyekabidhiwa kazi ya kulikagua, na idadi ya watu wanaoruhusiwa kuwa juu yake kwa wakati mmoja iandikwe mlangoni na ifuatwe. Mjini Morbi, India, tarehe 30 Oktoba 2022 daraja la kuning'inia la waenda kwa miguu lililokuwa limetoka kukarabatiwa lilianguka likiwa limejaa watu wa sikukuu, na zaidi ya 130 wakafa.

Chini zaidi mto hupanuka na kuwa wa mchanga, ukihamahama kati ya visiwa vyake. Huko madaraja yaliyojengwa ni ya boriti na nguzo: la Mkenda, katika Wilaya ya Songea, na Daraja la Umoja la Mtambaswala, lenye urefu wa mita 720, lililofunguliwa tarehe 12 Mei 2010 na marais Jakaya Kikwete na Armando Guebuza. Hapo mto ni mpana lakini hauna kina wala meli, hivyo nguzo nyingi fupi ni nafuu kuliko minara na kebo. Sakafu ya chini kiasi hicho ni nafuu kwa miguu pia, kwani hakuna mpando.

Kwenye mlango wenyewe, ambako mikoko inaanza na ambako pamehifadhiwa tangu mwaka 2000 kama Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, hakuna daraja la aina yoyote. Kutoka Kilambo, mkoani Mtwara, mwenye miguu au baiskeli anayekwenda Msumbiji huvuka kwa chombo, na chombo kikubwa hungoja maji yajae ndipo kipite juu ya mafungu ya mchanga.